Chungu cha Bibi na Afya ya Mjukuu Nyanda za Juu Kusini

Katika nyumba nyingi za vijijini Iringa na Mbeya, anayemlisha mtoto mdogo mchana kutwa ni bibi yake. Mama huondoka mapema kwenda shambani, kuchuma chai Mufindi au Rungwe, ama kupanga biashara sokoni. Baba yuko machimboni Chunya, yuko safarini na lori, au amehamia Dar es Salaam. Anayebaki na moto, chungu na watoto ni mwanamke mzee. Yeye ndiye huamua uji uwe mzito au mwepesi, yai liliwe au liuzwe, mtoto alishwe mara mbili au mara nne. Maamuzi hayo madogo, yakirudiwa kila siku, ndiyo yanayojenga mwili na akili ya mtoto. Kwa hiyo mkoa unaotaka watoto wake wakue vizuri hauna budi kuanzia jikoni kwa bibi, na mpaka leo juhudi nyingi za lishe zinapita kando yake.

Wajukuu wanaoishi kwa bibi hufika kwa njia tatu. Wa kwanza ni wale waliozaliwa humo humo, kwa wazazi waliojenga jirani. Hawa hulala kwao na kula kwa bibi. Wa pili ni wale walioletwa kutoka mjini wakiwa bado wachanga au baada tu ya kuachishwa ziwa, kwa sababu wazazi wao wanahangaikia maisha mahali pengine. Wa tatu ni yatima. Nyumba moja inaweza kuwa na watoto wa aina zote tatu, na sufuria haiwabagui.

Kuondoka kwa wazazi si jambo jipya katika Nyanda hizi za Juu Kusini. Wakati wa ukoloni wanaume wa Iringa na Njombe walikwenda kukata mkonge Tanga, na wenzao wa Mbeya wakaenda kwenye dhahabu ya Lupa huko Chunya, kwenye migodi ya shaba ya Zambia ya leo, na hata Afrika Kusini. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia na reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, ziliifanya safari kuwa nyepesi zaidi. Wasichana nao wakaanza kuondoka. Kwa miaka mingi Iringa imejulikana kwa kupeleka mabinti wa kazi za ndani katika nyumba za Dar es Salaam. Wengi wao wakishajifungua huwaacha watoto wao kijijini na kurudi mjini kulea watoto wa watu wengine. Malezi ya mjini yanayoonekana kuwa rahisi yana mtu anayeyalipia, naye ni bibi wa kijijini.

Kisha ukaja UKIMWI, na nyanda hizi ziliumia kuliko sehemu nyingi za nchi. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta maambukizi ya asilimia 14.8 Njombe, 9.1 Iringa na 9.0 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa 5.1. Kabla ya dawa za kufubaza virusi kuanza kutolewa bure katika hospitali za serikali mwishoni mwa 2004, wagonjwa wengi walirudi kijijini kuuguzwa na mama zao, na mama hao ndio waliowazika. Walioachwa nyuma walikuwa watoto. Wanawake wa miaka sitini na sabini, waliotarajia kulishwa na wanao, walianza upya kupika uji, kufua nguo za shule na kuhudhuria vikao vya wazazi. Dawa zimepunguza vifo, lakini mikoa hii bado iko juu ya wastani wa taifa, na nyumba zilizoundwa na msiba ule bado zipo. Baadhi ya wajukuu wale sasa ni wazazi, na nao wanaleta watoto wao kwa bibi yule yule.

Siku ya bibi huanza na moto. Mji wa Iringa na Jiji la Mbeya viko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi huwa kali. Huko Makete na Kitulo umande huganda juu ya majani. Jikoni, ambako mara nyingi ni kijumba kilichojitenga na nyumba kubwa, mafiga matatu hubeba chungu na pia hupasha joto watoto wanaoamka wakitetemeka. Juu ya moto huo hutundikwa mbegu za mahindi ili moshi uzikinge na wadudu. Chai huchemshwa kwanza. Huliwa na viazi vya kuchemsha, magimbi au kiporo cha jana kilichopashwa moto, na wakubwa hukimbilia shule. Wadogo hubaki wakizunguka miguu ya bibi huku akipukuchua mahindi, akichambua maharage au akipepeta unga kwenye ungo.

Kinachoingia chunguni hutegemea mwinuko wa ardhi na mwezi wa mwaka. Mvua za nyanda hizi ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Upande wa Iringa, mahindi na maharage ndiyo nguzo. Mvua za mwanzo zikinyesha, misitu ya miombo hutoa uyoga, na bibi ndiye huwafundisha wajukuu upi unaliwa na upi unaua; somo hilo halina nafasi ya kukosea. Kutoka bwawa la Mtera huja samaki wabichi na wakavu. Kiangazi, wakati mashamba ya juu yamekauka, familia hushuka mabondeni kulima vinyungu, yaani vibustani vya ardhi yenye unyevu ambavyo Wahehe na Wabena wamevitegemea tangu zamani kwa mboga, maharage na mahindi mabichi. Kinyungu ndicho humpa bibi mboga ya majani mwezi wa Septemba, wakati ambapo vinginevyo ingebaki chumvi tupu.

Upande wa Mbeya mseto ni mpana zaidi, kwa kuwa mkoa mmoja una milima yenye baridi na mabonde yenye joto. Uporoto na Umalila hutoa viazi mviringo na njegere. Rungwe, yenye mvua nyingi na udongo wa volkano, ina migomba, chai, maziwa na parachichi. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ina mchele unaosifiwa nchi nzima, pamoja na mbasa na dagaa. Mbarali, katika bonde la Usangu, nayo ni nchi ya mpunga. Hata chungu chenyewe kina kwao: wanawake wa Kikisi wa ufukweni karibu na Matema ndio mafundi, na vyungu vyao husafiri kwa mitumbwi hadi sokoni, kisha kwa magari hadi milimani. Bibi wengi wanashikilia kwamba maharage na makande huiva vyema ndani ya chungu kuliko ndani ya sufuria, na wana hoja: udongo hushika joto kwa muda mrefu, hivyo chakula huendelea kuiva polepole hata moto ukipungua.

Makande yanastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna elimu ya lishe iliyotangulia vitabu. Mahindi makavu hutwangwa kidogo kwenye kinu ili ganda la juu litoke, hulowekwa, kisha huchemshwa pamoja na maharage kwa saa kadhaa. Protini ya mahindi ina upungufu wa kirutubishi kinachoitwa laisini, na maharage yana laisini nyingi. Maharage nayo yamepungukiwa na kile ambacho mahindi yanacho. Vikiliwa pamoja, kimoja hukamilisha kingine. Karanga zilizosagwa zikiongezwa, mtoto hupata pia mafuta. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, kilichopo Mbeya, kimetoa mbegu nyingi bora za maharage, ikiwamo Njano Uyole, na kwa njia hiyo kimeigusa sufuria ya bibi kuliko pengine taasisi nyingine yoyote ya kisayansi katika nyanda hizi.

Ugali nao una hesabu yake. Unga wa dona hubaki na pumba na kiini cha punje, ambamo mna mafuta, vitamini na nyuzinyuzi. Sembe ni nyeupe, laini, na inaonekana ya kistaarabu, lakini sehemu kubwa ya virutubishi imebaki mashineni na kuwa chakula cha kuku na nguruwe. Bibi aliyezoea dona mara nyingi hushinikizwa na wajukuu waliotoka mjini abadilishe. Katika ubishi huo haki iko upande wa bibi.

Mlo wa jioni ndio mkubwa, na ndio darasa. Maji ya kunawa hupelekwa kwanza kwa mkubwa, na mdogo ndiye humwagia. Watoto hukaa kuzunguka sinia moja, kila mmoja humega upande wake bila kuvuka katikati, na nyama husubiri hadi mwisho, ikigawiwa na bibi kwa mkono wake. Katika kugawa huko mtoto hujifunza kwamba aliyechelewa kutoka machungani amewekewa sehemu yake, na kwamba mgeni hula kabla ya mwenyeji. Huko Unyakyusa, watafiti Godfrey na Monica Wilson, walioishi Rungwe na maeneo ya jirani kati ya 1934 na 1938, waliona mfumo ambao wavulana wa umri mmoja walijijengea vijumba vyao na kuishi pamoja, lakini wakaendelea kula kwa mama zao, kundi zima likizunguka kutoka nyumba hadi nyumba. Monica Wilson alieleza katika kitabu chake cha 1951 jinsi kula na wenzako kulivyochukuliwa kuwa sehemu ya kuwa mtu kamili. Vijiji vya rika vimekwisha, ila mtoto wa jirani anayekuta chakula bado hunawishwa bila kuulizwa alikotoka.

Sinia hilo pia lina uhuru wake. Baba na mama ni watu wa amri. Bibi ni mtani. Humwita mjukuu wa kiume mume wake, humlaumu kwa kutomletea kuni, naye mjukuu hujibu bila woga. Utani huo una kazi nzito: humpa mtoto mtu mzima mmoja ambaye anaweza kumwambia lolote, hata jambo ambalo angeogopa kumweleza mzazi. Baada ya kula, moto ukiwa bado unawaka, huja hadithi za sungura na fisi. Mwanzoni mwa karne ya 20, mmisionari Elise Kootz-Kretschmer alikusanya hadithi na desturi za Wasafwa wa Mbeya katika vitabu vya Kijerumani vilivyochapishwa katika miaka ya 1920. Hadithi hizo ziliishi kwa sababu wazee walizisimulia motoni usiku baada ya usiku. Ni katika saa hiyo ambapo mtoto aliyezaliwa mjini hupata Kihehe, Kibena, Kisafwa au Kinyakyusa, na kuamkia wakubwa kwa “kamwene” au “ugonile” huwa kawaida kwake.

Pamoja na utajiri wote huo kuna jambo linalouma. Nyanda za Juu Kusini ni ghala la chakula la taifa. Tangu mwisho wa miaka ya 1970, Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zilihesabiwa kuwa mikoa minne mikuu ya mahindi. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta kwamba asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, Njombe asilimia 50.4, Rukwa 49.8 na Mbeya 31.5. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Kudumaa ni kuwa mfupi kupita kiasi kwa umri, na kwa sehemu kubwa hutokea kuanzia tumboni hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Mtoto aliyedumaa huugua zaidi, huchelewa darasani, na akikua nguvu zake za kazi hupungua. Mkoa unaolisha wengine una zaidi ya nusu ya watoto wake katika hali hiyo.

Sababu ni nyingi, na chache kati yake ni njaa ya kukosa chakula. Mavuno huuzwa karibu yote wakati bei iko chini. Mama hufanya kazi nzito akiwa mjamzito na akiwa ananyonyesha. Maji na vyoo visivyo salama huleta kuhara kunakofuta kilicholiwa. Lakini kubwa kabisa liko kwenye kikombe cha uji. Unga mtupu wa mahindi ukipikwa huvimba na kuwa mzito, kwa hiyo huongezewa maji ili mtoto aweze kuumeza. Tumbo la mtoto wa miezi kumi ni dogo. Hujaa maji kabla halijapata nguvu ya kutosha. Akilishwa hivyo mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni watu wa shamba wakirudi, hawezi kukua hata kama nyuma ya nyumba kuna kihenge kilichojaa. Chai kavu, kinywaji cha kila nyumba katika nchi hii ya majani ya chai, huzidisha tatizo: ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyachukua.

Iringa iliwahi kulishughulikia suala hili na dunia ikajifunza. Mwaka 1983 ulianza mkoani humo mpango wa lishe wa serikali pamoja na UNICEF na WHO, kwa fedha za Italia, katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini kila baada ya miezi mitatu, matokeo yakajadiliwa na serikali ya kijiji, na wanakijiji wenyewe wakatafuta sababu na hatua. Kuongeza idadi ya milo ya mtoto kulikuwa miongoni mwa hatua za mwanzo, na utapiamlo mkali ulipungua sana ndani ya miaka michache. Uzoefu wa Iringa ulichangia mwongozo wa UNICEF wa 1990 ambao hutumika mpaka leo, unaosema kwamba lishe ya mtoto husimama juu ya mambo matatu: chakula, malezi na afya. Chakula kina wizara yake na afya ina wizara yake. Malezi, katika vijiji hivi, yana bibi.

Hata tiba ya uji mzito iko mikononi mwake. Miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa 1973, ilihimiza matumizi ya kimea katika uji wa watoto. Ulezi hulowekwa, huoteshwa kwa siku mbili au tatu, huanikwa na kusagwa. Kijiko kimoja cha unga huo kikitiwa kwenye uji mzito uliokwisha kuiva, vimeng’enya vyake huvunja wanga, na uji hulainika bila kuongezwa maji. Kisha huchemshwa tena kidogo. Mtoto hunywa kikombe kile kile na kupata nguvu nyingi zaidi. Wanawake wazee wa nyanda hizi hawahitaji kufundishwa kuotesha ulezi, kwa kuwa wametengeneza kimea cha pombe maisha yao yote. Wanahitaji tu kuambiwa kwamba ujuzi huo unaweza kumfaa mjukuu, na kwamba parachichi lililoanguka uani, yai, karanga zilizosagwa na maziwa ni vya kuanza navyo mtoto akifikisha miezi sita.

Hapo ndipo kasoro ya mipango ya sasa inapoonekana. Kadi ya kliniki huandikwa jina la mama. Mafunzo ya lishe hutolewa kwa mjamzito na anayenyonyesha. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inapofika, bibi huja akiwa amembeba mtoto, kisha husimama pembeni kana kwamba ni mpagazi. Mama aliyefundishwa akirudi shambani, anayepika uji ni yule ambaye hakufundishwa. Kinachotakiwa hakina gharama kubwa: mhudumu wa afya ngazi ya jamii amtembelee bibi kwake, aanze kwa kusikiliza anachokijua, aonyeshe kimea kwenye chungu chake mwenyewe, na jina la mlezi wa mchana liandikwe katika daftari la mtoto.

Elimu peke yake haitoshi kama mfuko ni mtupu. Mayai huuzwa kwa sababu chumvi, sabuni na daftari hazipatikani kwa kubadilishana na mboga. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilitambua haki na mahitaji ya wazee, na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) huzifikia baadhi ya kaya maskini, lakini Tanzania Bara bado haina pensheni ya wazee wote. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kwa kumlipa kila mkaazi mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Huko Muleba, mkoani Kagera, shirika la Kwa Wazee, lililoanzishwa 2003, limewapa fedha za kila mwezi wazee, wengi wao wakiwa bibi wanaolea yatima. Tathmini ya mradi huo ya 2008 ilibeba katika jina lake chumvi, sabuni na viatu vya shule. Fedha inayowekwa mkononi mwa bibi humfikia mjukuu. Iringa, Njombe na Mbeya, zilizobeba mzigo ule ule wa yatima, zina kila sababu ya kutangulizwa siku Tanzania Bara itakapochukua hatua hiyo.

Mambo mengine mawili ni ya sera na huishia jikoni. Kwanza, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji, na baadhi ya vinyungu vimo humo. Mito lazima ilindwe, lakini kumwondoa bibi bondeni bila kumwonyesha mahali pengine pa kupanda mboga ni kumwondolea mtoto mboga. Pili, mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie nishati hiyo ifikapo 2034. Ni mpango mwema, kwani moshi huumiza macho ya bibi na mapafu ya mtoto anayelelewa kando yake. Lakini mitungi ya gesi haipashi nyumba joto mwezi wa Julai wala haiivishi makande kwa bei ambayo mzee anaimudu. Majiko yanayotumia kuni kidogo na yenye dohani yanapaswa kuhesabiwa kuwa hatua ya kweli katika nchi ya baridi.

Wajibu wa mwisho ni wa wazazi wenyewe. Anayempeleka mtoto kwa bibi ampeleke na matunzo yake, kila mwezi na kwa kiasi kinachojulikana, kwa kuwa leo fedha hutumwa kwa simu kwa dakika moja. Asisubiri mavuno ya mama yake yamlishe mwanawe, wala asimwachie mwanamke wa miaka sabini watoto watano kwa sababu tu hajawahi kukataa. Baba naye ahesabiwe. Na mama akirudi likizo, ale na mtoto wake kutoka sinia lile lile, aulize mtoto anakula nini na mara ngapi kwa siku, na akubaliane na bibi juu ya uji, yai na kliniki.

Bibi amelea vizazi viwili, na mahali pengine vitatu, bila mshahara na bila jina lake kuandikwa popote. Halmashauri zinazotenga fedha za lishe kila mwaka zina njia nyepesi ya kupima kama fedha hizo zinafika: zihesabu ni bibi wangapi wamefundishwa, wangapi wamepewa msaada, na wangapi wanalisha wajukuu wao mara nne au tano kwa siku. Takwimu za udumavu za Nyanda za Juu Kusini zitaanza kushuka pale hesabu hiyo itakapoanza kupanda.